Nilivyoiga Sauti ya Nduna

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kuku nimtazame. Mkuu wa Ngoma, mzee mrefu mwenye kovu shavuni, alinikalisha kwenye ua wake chini ya vilima vya Matogoro, akamfungulia tetea mmoja, akaniambia, "Mtazame mpaka jua lifike utosini. Kisha nioneshe." Nikamtazama. Jua lilipofika utosini nikainuka, nikatembea kama kuku, nikadonoa, nikapigapiga mabawa, na wake zake wawili wakacheka mpaka wakashikana. Yeye hakucheka.

"Umenionesha kuku wa watu wote," akasema. "Mimi nilikupa huyu. Huyu anachechemea."

Kweli alikuwa akichechemea mguu wa kushoto, kidogo sana, na mimi muda wote ule sikuona. Niliona haya. Basi mjue, ninyi mtakaosoma, kwamba kazi yangu ilianza kwa haya. Haya ya siku ya kwanza ilikuwa nyepesi, ikaisha kwa chakula cha jioni. Zilizofuata sijazimaliza hadi leo.

Mwalimu mmoja wa shule ya Majengo, hapa Songea, anayewafundisha wanafunzi wake maigizo, ndiye aliyeniomba niandike. Alipita kwangu asubuhi moja akanikuta nimekaa mkekani, mgongo wima, macho nimefumba. Akanisubiri kwa adabu mpaka nilipomaliza, akanipa shikamoo, akauliza ni sala gani ile. Nikamwambia si sala, inaitwa yoga, nilifundishwa zamani za Mdachi, na iliifaa sana kazi yangu ya uigaji. Akafurahi. Akataka niwaandikie vijana wake faida zake. Nimekubali. Lakini siwezi kuandika faida nikaficha nilizitumia wapi.

Katika siku zetu hapakuwa na jukwaa wala pazia. Palikuwa na lizombe, ngoma ya Wangoni, na kikundi chetu kilialikwa kijiji kwa kijiji baada ya mavuno, kwenye arusi, na kumaliza matanga. Ngoma za ngozi hulegea zikipigwa sana, na zikilegea hupashwa moto wa nyasi mpaka ngozi ikaze tena. Hapo watu husubiri. Ndipo mwigaji huingia uwanjani awashike wasiondoke. Nilimwiga mlevi anayekataa kwamba amelewa, nilimwiga fisi, nilimwiga mgoni aliyefumaniwa. Baadaye, Wadachi walipokwisha kujenga boma Songea, niliwaiga na wao: askari anavyogeuka kwa amri, karani anavyolamba kidole kabla ya kufungua daftari. Watu walicheka kwa kuziba midomo.

Kwa miaka miwili niliifanya kazi hiyo kwa nguvu tupu. Nilipiga kelele ili wa nyuma wasikie. Nilijiangusha chini kama gogo. Nikawa na magoti ya mzee, na sauti ikaanza kukwaruza kama jembe kwenye jiwe. Mkuu wa Ngoma alinitazama akasema, "Wewe utaisha kabla sijakuzoea."

Aliyeniokoa ni fundi cherehani. Jina lake Fundi Kanji, Banyani mwembamba wa makamo, aliyekuja kutoka pwani na wafanyabiashara akabaki mjini akishona sare za askari na kanzu za watu. Aliniona siku ya sikukuu ya mfalme wao Wadachi, kikundi chetu kilipoitwa kucheza mbele ya boma. Kesho yake nilipita dukani kwake, akaniita.

"Wewe ndiye uliyemwiga karani jana?"

"Ndiye mimi, Fundi."

"Umemwiga vizuri. Lakini unasemea shingo. Shingo kazi yake kushika kichwa. Ukienda hivi, mavuno yajayo huna sauti." Akaweka mkono juu ya kitovu chake. "Sauti inakaa hapa. Njoo asubuhi nikuoneshe. Usile kwanza."

Nilikwenda, nusu kwa shauku na nusu kwa hofu, maana watu walisema Banyani yule anafanya uchawi nyuma ya duka. Nilimkuta ametandika mkeka, amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili umebana pajani, viganja vimekutana juu ya kichwa. Hakutikisika. Alipoushusha mguu akaniambia kwao huitwa yoga, na maana yake ni kuunga, kama nira inavyounga ng'ombe wawili wakalima pamoja. "Wewe mwili wako unakwenda huku," akasema, "pumzi yako inakwenda kule. Ndiyo maana unachoka."

Alinifundisha karibu kila asubuhi tuliyokuwa mjini, kwa misimu mitatu. Hakutaka malipo, alitaka nimfundishe Kingoni, akitamka vibaya sana naye akijicheka. Kwanza kabisa alinifundisha kupumua: kuvuta kwa pua polepole mpaka tumbo lijae kama kibuyu, kuzuia, kisha kutoa kwa muda mrefu kuliko wa kuvuta. Wiki nzima hatukufanya kingine. Nilichukia. Kisha siku moja, uwanjani, nikasema maneno ya fisi kwa sauti ya kawaida, na bibi mmoja aliyekaa mwisho kabisa karibu na ghala akaitika. Sikuwa nimepiga kelele. Sauti ilikwenda yenyewe, imebebwa na pumzi.

Alinifundisha mkao wa mti, ule wa mguu mmoja, na huo ulinipa kitu ambacho mwigaji yeyote anakihitaji: kusimama bila kufanya lolote. Mwigaji mchanga akiogopa hutapatapa. Mikono yake haina pa kukaa. Mimi nilijifunza kuingia uwanjani nikasimama tu, na watu wakanyamaza wenyewe, wakingoja. Alinifundisha mkao wa nyoka, unaolala kifudifudi ukiinua kifua, na maumivu ya mgongo yakaniacha. Alinifundisha mkao wa simba, unaokaa ukitoa ulimi mpaka kidevuni na kutumbua macho huku ukitoa pumzi kwa kishindo. Huo ulilegeza uso wangu ukawa kama unga uliokandwa. Ningeweza kuufinyanga uwe uso wa yeyote. Na mwisho wa kila asubuhi alinilaza chali, mikono pembeni, nisijitikise, huo aliuita mkao wa mfu. "Hapa ndipo unapojirudia," alisema. "Umekuwa nyoka, umekuwa simba. Sasa rudi uwe mwana wa mama yako. Usipojirudia, siku moja utajitafuta usijione."

Ndizo faida, mwalimu, na ningeweza kuishia hapa. Lakini iko moja kubwa kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilipokwisha kuijua pumzi yangu, nilianza kusikia pumzi za wengine. Zamani nilipomwiga mtu nilianza na mwendo au maneno yake. Sasa nikajua kwamba kabla mtu hajasema, huvuta pumzi, na hakuna wawili wanaoivuta sawasawa. Ukiishika pumzi yake, sauti inakuja nyuma yake kama ndama nyuma ya mama.

Nduna wetu, yaani mkuu wa eneo letu chini ya chifu, alikuwa amechomwa mkuki kifuani ujanani. Kabla ya kusema alivuta pumzi mara mbili: ya kwanza fupi, kama mtu aliyeshtuka, ya pili ndefu. Kila mtu alikuwa ameisikia maisha yake yote na hakuna aliyekuwa ameitambua. Mimi niliitambua. Nikaifanyia mazoezi porini siku nyingi bila kumwambia mtu.

Kwenye sherehe ya mavuno nilijificha nyuma ya uzio wa zizi lake. Nikavuta pumzi ile mara mbili, nikasema, "Nyie! Yule dume mwekundu achinjwe. Leo leo." Vijana wawili wakaruka wakamkamata dume. Wakamwangusha. Kisu kilikuwa tayari mkononi Nduna mwenyewe alipotokea nyumbani mwake na kikombe cha ugimbi, pombe yetu ya ulezi, akauliza, "Nani amewatuma?"

"Wewe, Baba."

Nikatoka nyuma ya uzio nikapiga magoti. Nduna alinitazama, akavuta pumzi yake, na mimi, sijui kwa ujinga gani, nikaivuta pamoja naye. Akaangua kicheko hadi akakaa chini. Mke wake mkubwa, tuliyemwita Mama Komba, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Yeye hakucheka sana. Alisema, "Mimi mwenyewe nilidhani ni yeye."

Nduna aliponipungia niondoke aliniambia, "Sikiliza, kijana. Sauti hiyo nimekuazima. Sijakupa." Nilikwenda zangu nikijiona mfalme.

Kisha ikaja dawa ya maji. Mjumbe alifika kutoka upande wa mashariki, watu wakanywa, wakaambiwa risasi za Mdachi zitakuwa matone. Sote tulikunywa, Nduna, Mkuu wa Ngoma, wapigaji, na mimi. Vita sitaisimulia, wako walioipigana vizuri kuliko mimi, na wengi hawakubaki wa kusimulia. Tulishindwa. Askari wakachoma maghala na mashamba yaliyokuwa yamesimama, na njaa ikaingia, njaa ambayo watu walikula mizizi ya porini na ngozi za ngoma zao. Nduna alikamatwa akiwa na jeraha la paja. Watu wake, na Mama Komba kati yao, walipanda Matogoro wakajificha kwenye mapango na vichaka vya juu. Mkuu wa Ngoma alikuwa nao.

Mimi nilikuwa na mama mgonjwa asiyeweza kupanda mlima. Nilimbeba mgongoni nikashuka naye kwenye kambi moja ya askari chini ya vilima, mahali walipojisalimisha wenye njaa. Kambi ile ilikuwa chini ya Shaushi, cheo cha askari mkubwa kuliko wenzake, mtu mnene kutoka nchi ya mbali, asiyepandisha sauti kamwe. Alinitambua.

"Wewe si yule mchekeshaji wa sikukuu?"

"Ndiye, Shaushi."

"Tuchekeshe."

Nikawachekesha. Niliwaiga askari wao kwa wao, na wakacheka, na mama yangu akapewa uji. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuchekewa tena. Kisha mmoja akasema kwamba niliwahi kumwiga Nduna fulani mpaka ng'ombe akakaribia kuchinjwa. Shaushi akaacha kutafuna.

"Fanya."

Nikavuta pumzi mara mbili, nikasema maneno machache. Hakuna aliyecheka. Shaushi akanishika mkono akanipeleka kwenye kibanda cha mahabusu. Nduna alikuwa amelala humo amefunikwa turubai. Alikuwa amekufa siku mbili zilizopita, kwa lile jeraha. Nje ya kambi hakuna aliyejua.

"Kesho asubuhi," akasema Shaushi, "utapanda mpaka kwenye mwamba ule, utajificha, utawaita. Wakishuka watapewa chakula na majembe, warudi makwao. Wakikaa kule watakufa njaa, watoto kwanza. Unawafanyia wema."

"Na nikikataa?"

Akatazama kule mama yangu alipokaa na bakuli lake.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya kwa ajili ya mama. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilijiambia pia kwamba niliiamini ahadi ya majembe. Nilichagua kuiamini, jambo ambalo ni tofauti. Na liko la tatu, ambalo sikumwambia mtu hadi nimezeeka: nilitaka kujua kama wataamini. Uwanjani nilikuwa nimedanganya vijana wawili na kisu. Sasa ilikuwa nafasi ya kuwadanganya watu waliomjua maisha yao yote, mke wake akiwamo. Kwenye moyo wa mwigaji kuna mdudu wa namna hiyo. Mchungeni wa kwenu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika vilima. Walinikalisha nyuma ya mwamba. Mwili ulinitetemeka, meno yakagongana, na sauti inayotetemeka isingemdanganya mtu. Basi nikafanya alivyonifundisha Fundi Kanji. Nikanyoosha mgongo. Nikavuta pumzi kwa tumbo, nikazuia, nikatoa polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtetemo ukaondoka. Moyo ukatulia kabisa. Kama ningekuwa sijafundishwa kutulia, nisingeweza. Hilo ndilo ninalotaka mwalimu alijue anapowafundisha watoto faida.

Nikaivuta ile fupi. Nikaivuta ile ndefu.

"Wanangu! Ni mimi. Shukeni. Tumepatana nao. Shukeni mpate kula."

Kisha sauti ya Mkuu wa Ngoma kutoka juu, ya mashaka: "Kama ni wewe, jitokeze tukuone!"

Nikajibu kama Nduna angejibu, kwa hasira kidogo: "Mguu wangu umevunjika, nipande vipi? Nimebebwa mpaka hapa kwa machela. Mtaniacha hapa?"

Wakanong'ona, sikusikia maneno. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, Mama Komba, ikisema wazi kabisa, "Ni yeye. Mimi namjua. Ni yeye."

Wakaanza kushuka.

Askari wawili waliniteremsha kwa njia nyingine kabla hawajafika, wakanifungia kibandani. Kwa hiyo sikuwaona wakikamatwa. Niliwasikia. Nilimsikia Mama Komba akiuliza kila askari, "Yuko wapi? Nimemsikia. Yuko wapi?" na Shaushi akimjibu taratibu, "Ameshaondoka na Bwana Mkubwa wa boma. Yeye sasa ni mtu wetu." Kisha nikasikia watu wakimgeukia. Kwanza mmoja, halafu wengi. "Mume wako ametuuza. Na wewe ulisema ni yeye."

Wanawake na watoto waliachwa warudi kwenye majivu yao. Wanaume walifungwa kamba shingoni. Baadhi walinyongwa, na Mkuu wa Ngoma alikuwa mmoja wao. Wengine walipelekwa mbali kubeba mizigo, na waliorudi ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Majembe sikuyaona.

Nilipopata nafasi nilikwenda kwa Fundi Kanji. Alikuwa akishona. Sijui nilitaka nini kwake. Labda aniambie sikuwa na hiari. Nilimsimulia yote nimesimama. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipomaliza.

"Ulitulia?" akauliza.

"Nilitulia, Fundi."

Akainamisha kichwa. "Kosa langu. Nilikufundisha kutulia kabla ya kukufundisha mwanzo wake. Mwanzo wa yoga ni kutodhuru, na kutosema uongo. Hivyo vinakuja kabla ya mkeka. Mimi nikaona wewe mcheshi, nikaona tutafika polepole." Akaukata uzi kwa meno. "Asubuhi usije tena." Baada ya muda mfupi alihamia Lindi. Sikumwona tena.

Mama yangu alikufa mvua zilipoanza, akiwa ameshiba angalau.

Shaushi alitaka nibaki niwe mchekeshaji wa kambi. Nilibaki mwezi mmoja, kisha kila nilipofungua mdomo kuiga, uso ulikataa kulegea. Nikahamishiwa Tunduru, upande wa Nalasi, kwa Akida, ofisa Mswahili aliyewakusanyia Wadachi kodi na kusikiliza mashauri. Alinifanya mpiga mbiu. Kazi ya mpiga mbiu ni kutembea na baragumu ukitangaza amri: siku ya kodi, siku ya kulima barabara. Akida yule alikuwa Mwislamu wa pwani, mchaji, mkali kwa uvivu na mpole kwa wajane. Siku moja aliniambia, "Sauti yako njema, Mngoni, masha'Allah, inafika mpaka ng'ambo ya mto. Lakini mbona hutazami watu usoni?"

"Jua kali, Akida."

"Jua li mgongoni mwako," akasema, akaniacha.

Nilikaa kwake mpaka Wadachi na Waingereza walipopigana na Mdachi akaondoka. Watu wa Nalasi walinitendea vema, na sikumwambia hata mmoja. Kisha nikarudi Matogoro nikajenga kibanda. Jirani yangu wa karibu alikuwa Mama Komba.

Nilikuta bado wanamwita mke wa msaliti. Kisimani wanawake walinyanyua ndoo zao alipofika. Binti yake, yule aliyekuwa mgongoni, alikuwa mwari wa kuolewa na hajaposwa. Jina la Nduna halikutajwa kwenye matambiko, na mzimu usiotajwa, kwa imani ya wazee wetu, huhangaika njiani. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, na nikanyamaza miezi minane. Nilipougua homa, ni yeye aliyeniletea uji wa ulezi, kwa sababu mimi tu ndiye niliyemsalimia kisimani. Nilikunywa uji ule. Katika yote niliyoyafanya, kuna siku naona hilo ndilo baya kuliko yote.

Nilipopona nilikwenda kwake asubuhi, nikapiga magoti mlangoni, nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliwatazama kuku wakiingia ndani na kutoka. Kisha akasema, polepole, "Waliniuliza mimi. Nikasema ni yeye."

"Ulidanganywa, mama."

"Miaka yote hii nimemchukia," akasema. "Kila siku. Nimemchukia mtu aliyelala chini ya turubai." Akasimama. "Jumapili watu wakitoka kanisani wasimamishe. Waambie. Na wakikataa kuamini, fanya ile sauti."

Nikawasimamisha. Niliwaambia, na wakakataa kuamini, kama alivyojua. Mzee mmoja mwenye jicho moja, aliyekuwa ametembea na kamba shingoni mpaka pwani na kurudi, alisema, "Mtu hawezi. Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Alikuwa Nduna."

Basi nikaigiza kwa mara ya mwisho. Sikuwa nimeivuta pumzi ile tangu mwambani. Nikaivuta fupi, nikaivuta ndefu. "Wanangu! Ni mimi. Shukeni."

Watoto waliozaliwa baadaye walinitazama tu. Lakini wazee wote waligeuka kutazama mlima. Kisha wakanigeukia mimi. Nilingoja fimbo, nilizitaka. Hakuna aliyenigusa. Yule mzee wa jicho moja alinipita kama mtu apitavyo mti, akaenda mpaka kwa Mama Komba, akashika miguu yake. Na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wote wakinipita. Mwaka huo jina la Nduna likatajwa kwenye tambiko. Binti yake akaolewa kabla ya mavuno ya pili.

Hawakunifukuza. Hawakunisamehe pia, na sikuwaomba, maana waliopaswa kunisamehe hawakuwapo tena. Uigaji niliuacha kabisa. Yoga sikuiacha, ila siku hizi naanza na mawili yale ya Fundi Kanji, kabla sijatandika mkeka. Najiuliza nimemdhuru nani, na nimesema uongo gani. Asubuhi nyingine sifiki kwenye pumzi. Mwalimu, wafundishe watoto mti na simba na nyoka, vitawafaa. Lakini waulize kwanza sauti wanayoitaka wanaitaka ya nini, na wasubiri jibu hata likichelewa.

Nilimlimia Mama Komba shamba lake mpaka alipofariki. Hakuwahi kuniomba, nilikuwa naenda tu na jembe, naye hakunizuia. Mara moja tu alilizungumzia jambo lile tena. Tulikuwa tukipalilia mahindi, yeye mstari wake, mimi wangu. Akaegemea jembe, akafumba macho.

"Fanya tena," akasema. "Si ile ya mlimani. Niite. Niite kwa jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili ndani."

Nilisimama na jembe mkononi. Nilijua kikohozi cha mtu yule, hasira yake, kicheko chake, na namna alivyovuta pumzi.

"Silijui, mama."

Akafumbua macho. Mara ya kwanza tangu nilipokiri aliniangalia bila ukali, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta kitu chake bado kimo.

"Najua hulijui," akasema, akaendelea kupalilia.